Divai Nyekundu, Divai Nyeupe: Maneno ya Ladha na Maneno ya Mapendeleo

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea dodoso alilokuwa amelitafsiri kwa Kiswahili, akatuomba tulipitie kabla halijachapwa. Dodoso lenyewe lilihusu divai: watu hupenda ipi, nyekundu au nyeupe, na kwa sababu gani. Swali la kwanza lilikuwa hili: "Je, una upendeleo gani kati ya divai nyekundu na divai nyeupe?" Mfasiri alitueleza kwamba alipolijaribu swali hilo kwa mzee mmoja mkulima wa zabibu, mzee alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa upole, "Mwanangu, mimi sina upendeleo. Zote ni zabibu zetu." Swali la pili lilitaka kujua kama divai aliyoonjeshwa ilikuwa tamu. Mzee akasema ni tamu sana. Divai hiyo ilikuwa haina sukari ila chembe.

Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Aliyekosea ni aliyeuliza. Lau dodoso hilo lingepita kama lilivyokuwa, taarifa ingeandikwa kwamba wakulima hawajali rangi ya divai na kwamba hupenda divai yenye sukari nyingi. Na mwenye kiwanda, akiiamini taarifa hiyo, angetengeneza divai ambayo hakuna aliyemwomba. Gharama ya kosa kama hilo haimwangukii mfasiri. Humwangukia mwenye shamba la mizabibu, ambaye zabibu zake hazisubiri: zikishaiva hazina budi kuvunwa na kununuliwa. Kwa hiyo tumeonelea inafaa kuyachungua maneno haya kwa kirefu kidogo, hata kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawanywi kileo kabisa. Mfasiri hahitaji kuinywa divai ili aieleze vema, kama vile asivyohitaji kuugua ili atafsiri kitabu cha tiba.

Tuanze na neno upendeleo. Kitenzi kupenda kinapotiwa viambishi vikawa kupendelea, maana yake hupanuka katika njia mbili. Mtu aweza kupendelea chai kuliko kahawa, wala hapana lawama. Lakini hakimu akimpendelea mmoja wa washtaki, au mwajiri akiwapendelea jamaa zake, hapo pana dhuluma. Jina upendeleo, kwa jinsi linavyotumika katika ofisi na katika magazeti, limeegemea mno upande huu wa pili. Mtumishi wa serikali husikia kwamba kazi ifanywe bila upendeleo. Mwalimu huambiwa asahihishe mitihani bila upendeleo. Basi ukimwuliza mtu mzima ana upendeleo gani, umemwuliza kama ana kasoro ya tabia, naye atakana. Neno mapendeleo, katika wingi, halijatiwa doa hilo, nalo linazidi kutumiwa kwa maana ya mambo ambayo mtu huyachagua kwa hiari yake. Sisi tunalikubali katika vichwa vya habari na katika majedwali. Katika swali lenyewe, hata hivyo, hatuoni sababu ya kutumia jina hata kidogo. "Unapenda zaidi ipi?" ni Kiswahili kilichotimia, na mzee wetu angelijibu bila kusita.

Sasa tuje kwenye rangi. Wako wanaodai kwamba usemi divai nyeupe ni tafsiri ya sisisi kutoka lugha za Ulaya, kwa sababu divai yenyewe si nyeupe kama maziwa au chokaa, bali ni ya kimanjano, na mara nyingine ina ukijani kwa mbali. Hatukubaliani nao. Kivumishi -eupe katika Kiswahili hakikufungwa kwenye rangi ya chokaa. Twasema maji meupe kwa maana ya maji yaliyotakata, yasiyo tope wala kitu kilichochanganywa ndani yake. Kwa maana hiyo divai nyeupe ni jina sahihi kabisa, pengine sahihi kuliko huko lilikotoka. Iko na divai ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili, ambayo Wafaransa huiita kwa jina linalotokana na rangi ya waridi. Sisi tunalo neno waridi tangu zamani, na divai ya waridi yatosha. Hakuna haja ya kuazima tena.

Lakini rangi hiyo hutoka wapi? Jambo hili lina uhusiano na istilahi kuliko linavyoonekana. Zabibu nyingi zilizo nyekundu au nyeusi kwa nje zina maji meupe kwa ndani. Mtengenezaji akizikamua upesi na kuyatenga maji na maganda, aweza kupata divai nyeupe kutokana na zabibu nyeusi, na hivyo ndivyo ifanywavyo kwa sehemu kubwa ya divai ya povu ya Champagne huko Ufaransa. Akitaka divai nyekundu, huyaacha maji yachachuke pamoja na maganda na mbegu kwa siku kadhaa au majuma kadhaa. Maganda hutoa rangi. Pamoja na rangi, maganda, mbegu na vikonyo hutoa kitu kiitwacho tanini, nacho ndicho kinachotenga ladha ya nyekundu na ladha ya nyeupe kuliko kitu kingine chochote. Watu wengi wasemao hawapendi divai nyekundu, ukiwadadisi, utakuta kwamba wasichokipenda ni tanini.

Kwa ajili ya tanini Kiswahili kina neno la zamani na zuri: ukakasi. Kila aliyekula bibo au ndizi mbichi analijua jambo hili: ulimi hukwaruza, mashavu hukazana kwa ndani, na mate huwa kama yametoweka. Zambarau hufanya vivyo hivyo, tena huacha rangi juu ya ulimi, kana kwamba imetaka kutufundisha somo lote la divai nyekundu kwa tunda moja. Chai nayo ina tanini. Majani yakikaa mno ndani ya birika, chai hupata ukakasi. Ikitiwa maziwa, ukakasi hupungua, kwa kuwa tanini hushikamana na protini za maziwa badala ya zile zilizomo katika mate yetu. Sababu hiyohiyo hutajwa na wapishi wanaposhauri divai nyekundu inywewe pamoja na nyama. Basi tanini libaki kuwa jina la kitu, na ukakasi liwe jina la hisia. Tumeona maandishi yanayoita hisia hii uchungu. Hilo ni kosa. Uchungu ni ladha ya mwarobaini na ya kwinini, huonjwa kwa ulimi. Ukakasi huhisiwa na kinywa kizima, kama kinavyohisi moto au baridi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno linalotutaabisha kuliko yote. Divai ambayo sukari yake karibu yote imekwisha kugeuka kuwa kileo, Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya kitu kikavu. Wafaransa hufanya hivyo, na Waitalia, na Wareno, na Wajerumani pia. Wote wameambiana. Mfasiri wa Kiswahili, akiona jamaa hao wote wamekubaliana, huandika divai kavu bila wasiwasi. Nasi tunamwomba asite kidogo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba kwetu neno zabibu hutumika kwa tunda bichi na pia kwa lile lililokaushwa, na tukitaka kutofautisha tunasema zabibu kavu. Msomaji anayekutana na divai kavu kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani ni divai iliyotengenezwa kwa zabibu kavu. Na divai ya namna hiyo ipo kweli! Huko Italia zabibu huanikwa zikasinyaa, sukari yake ikakolea, ndipo zikakamuliwa. Na divai itokanayo, ukiacha chache kama Amarone, huwa na sukari nyingi mno. Neno letu litakuwa limemwelekeza msomaji kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa.

Sababu ya pili ni huo ukakasi tuliokwisha kuutaja. Kinachokausha kinywa ni tanini, si ukosefu wa sukari. Divai nyeupe isiyo na sukari yaweza kukijaza kinywa mate kwa uchachu wake, na bado huko Ulaya ikaitwa kavu; divai nyekundu yenye sukari kiasi yaweza kukausha kinywa kama bibo, na isiitwe hivyo. Hata wenye lugha hizo huchanganyikiwa mara kwa mara. Hatuoni kwa nini tuurithi mkanganyo usio wetu.

Je, tuseme divai isiyo tamu? Hapana. Na hapa twarudi kwa mzee wetu na jibu lake. Kivumishi -tamu kina maana ya sukari na asali, lakini kina pia maana ya kila kipendezacho. Mchuzi mtamu hauna sukari. Hadithi tamu, usingizi mtamu, sauti tamu: hakuna kati ya hivi kilichoonjwa kwa ulimi. Maji matamu ni maji yasiyo ya chumvi. Mtu akionja divai nzuri akasema ni tamu, ametoa sifa ya juu kabisa aliyo nayo, wala hakusema lolote juu ya sukari. Vivyo hivyo lebo isemayo "divai nyeupe isiyo tamu" ni lebo imwambiayo mnunuzi kwamba kilichomo si kizuri. Hakuna mwuza duka atakayeiweka mbele.

Divai kali nayo ina mvuto wake, kwa kuwa watu wa pwani hutofautisha tembo tamu, lililogemwa punde, na tembo kali, lililokaa likachachuka. Mfano huu unakaribia sana jambo letu, maana sukari ya tembo hupungua kadiri kileo kinavyozidi. Lakini -kali ni neno lililobebeshwa mizigo mingi: jua, mbwa, pilipili, siki, dawa na kisu vyote ni vikali. Juu ya kileo, msikilizaji hulielewa kuwa ni wingi wa nguvu za kulevya. Divai ya Porto, ambayo hutiwa pombe iliyokenekwa ili uchachukaji ukatike kabla sukari haijaisha, huwa na kileo cha asilimia 20 hivi na sukari tele. Ni kali na tamu kwa wakati mmoja. Mgawanyo wa tembo hautufai hapo.

Maoni yetu, ambayo tunayatoa tukijua kuwa hayataufurahisha moyo wa mshairi, ni kwamba kitajwe kile kinachopimwa, yaani sukari. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeigawa divai ya kawaida katika madaraja manne. La kwanza halizidi gramu 4 za sukari kwa lita, au hadi gramu 9 ikiwa divai ina uchachu wa kutosha. La pili hufika gramu 12, au hadi 18 kwa sharti la namna hiyo. La tatu huishia chini ya gramu 45. Na la nne huanzia hapo. Twapendekeza divai ya sukari haba kwa daraja la kwanza na divai ya sukari nyingi kwa la nne. Kwa yale ya katikati tumefikiria sukari kidogo na sukari ya wastani, ila tunakiri kwamba mpaka kati ya haba na kidogo ni mwembamba, na mwenye neno bora na atuletee. Tunajua pia pingamizi lingine: msomaji aweza kudhani sukari imetiwa kwa kijiko. Maelezo mafupi kwamba ni sukari ya zabibu yenyewe yataondoa shaka hiyo. Na neno haba halisemi hakuna. Jambo hilo lina uzito kwa mgonjwa wa kisukari asomaye lebo, na ndiyo maana hatukusema divai isiyo na sukari.

Maneno mengine hayana ugomvi. Divai nzito na divai nyepesi yanaeleweka mara moja na kila aliyekunywa uji. Uchachu ufaa kwa ile ladha ya ndimu na ukwaju ambayo katika divai nyeupe ndiyo uti wa mgongo. Lakini mtu ajihadhari na kitenzi kuchacha, kwa kuwa chakula kilichochacha kimeharibika. Divai yenye uchachu ni sifa, divai iliyochacha ni hasara.

Juu ya harufu, lugha yetu ina hazina ambayo wageni wangetuonea wivu. Kinachonuka hakipendwi, kinachonukia hupendwa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kutoa hukumu. Hazina hii ina hatari yake katika kazi ya kupima. Mwaka 1984 Ann Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walitoa mpangilio wa maneno ya harufu za divai, ambao hujulikana sana kwa umbo lake la gurudumu. Kanuni yao ilikuwa kwamba maneno ya kusifu na kukashifu yasiingizwe; yaingie yale tu yanayotaja kitu ambacho mwingine naye aweza kukinusa: pilipili manga, asali, majani yaliyokatwa. Mfasiri wa kazi ya namna hiyo na atumie jina harufu, ambalo halina upande, akaliunganisha na kitu chenyewe: harufu ya karafuu, harufu ya pera. Vitenzi kunuka na kunukia avitunze kwa ajili ya swali la mapendeleo, ambako hukumu ndiyo itakiwayo.

Uchaguzi wa vitu vya kulinganishia unataka akili. Vitabu vya Ulaya hutaja matunda madogo meusi ya vichakani ambayo wanafunzi wetu hawajayaona. Kuyapa majina ya kubuni hakumsaidii mtu kunusa. Afadhali zambarau kwa divai nyekundu, pale zinapofanana kweli. Na kwa nyeupe tuna bahati, maana divai ya zabibu aina ya Sauvignon Blanc huelezwa na wataalamu wenyewe kuwa ina harufu ya pera na ya pasheni. Mwanafunzi wa Morogoro amemtangulia mwenzake wa Paris hapo.

Wala isidhaniwe kwamba maneno haya hufuata ulimi tu. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha habari za jaribio walilolifanya huko Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa kwanza divai nyeupe na divai nyekundu, wakaandika maneno ya kuzieleza harufu zake. Siku nyingine walipewa ile nyeupe pamoja na nyeupe hiyohiyo iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ile iliyotiwa rangi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliwachagulia msamiati, na pua zikafuata. Kwa watu wa istilahi habari hii ni nzito. Tukitunga orodha mbili, moja ya nyekundu na moja ya nyeupe, na kuzipa shule na hoteli, tutakuwa tumemwamulia mwonjaji kabla hajaonja. Kwa hiyo tunashauri orodha iwe moja, na kila divai itafute maneno yake humo.

Tafsiri nyingine moja imetusikitisha kwa madhara yake. Maelekezo ya kunywa divai nyekundu husema inywewe katika joto la chumba, na wafasiri wameandika hivyohivyo. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, chenye nyuzi za Sentigredi 15 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari hufika 30, na divai katika hali hiyo hutoa mvuke wa kileo ukafunika kila kitu. Anayeionja hivyo atasema hapendi divai nyekundu, naye hajawahi kuionja. Kwa upande mwingine, akiitia katika barafu, baridi huuzidisha ukakasi. Basi iandikwe tarakimu: nyuzi 15 hadi 18 kwa nyekundu, nyuzi 8 hadi 12 kwa nyeupe. Hapo tafsiri iliyo mwaminifu kwa maneno imekuwa si aminifu kwa maana.

Limebaki suala la divai na mvinyo. Mvinyo tuliupokea kwa Wareno, na kamusi za zamani huueleza kuwa ni kileo kikali cha aina yoyote. Divai yatokana na Kifaransa. Biblia ya mwaka 1952 hutumia yote mawili, divai katika arusi ya Kana na mvinyo katika maonyo ya Mithali. Siku hizi katika biashara mvinyo limeenea sana kwa maana ya kinywaji cha zabibu. Hatuwezi kulipinga, ila katika maandishi ya kitaalamu sisi hushika divai, kwa kuwa halijawahi kumaanisha spiriti. Anayechagua mvinyo asisahau upatanisho: mvinyo mwekundu, mvinyo mweupe, si mvinyo nyekundu.

Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakulima na wasindikaji wadogo hawakungoja neno letu. Zabibu zilizokamuliwa na kuwekwa kwenye matangi kabla ya kuwa divai ya chupa huziita mchuzi wa zabibu, nalo limeingia katika mikataba na katika hotuba. Huenda huko yako na maneno mengine, ya ukakasi wa zabibu nyekundu ya Makutupora, ya uchachu wa Chenin Blanc, na hasa ya ile divai ambayo sukari yake imekwisha. Tunawaomba wasomaji wetu walioko huko watuandikie, wakitaja kijiji, msemaji na kisa ambacho neno lilitumika. Mfasiri wetu amekwisha kulirekebisha dodoso lake. Swali la kwanza sasa lasema, "Je, wewe hunywa divai?" na pana nafasi ya kujibu hapana.